Mgeni ni Mto: Vijana wa Misheni katika Makanisa ya Mlima Kenya

Mweiga ni mji mdogo kando ya barabara itokayo Nyeri kwenda Nyahururu, chini ya milima ya Nyandarua. Makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare yako hapo, na ukisonga mbele unaikuta hifadhi ya vifaru ya Solio. Kwa hiyo uso wa mgeni kutoka ng'ambo haushangazi mtu. Wengi hupita wakienda kulala katika hoteli ya The Ark, wakatazama tembo na nyati usiku, na kesho yake wameondoka. Mkanganyiko huanza gari linapoingia uwanja wa kanisa na wakashuka vijana wa miaka 18 hadi 25 waliovaa fulana za rangi moja. Ni watalii? Ni wafadhili? Au ni wamishonari kama wale Waitaliano na Waskoti waliosimuliwa na mababu?

Ndani ya kanisa moja majibu hayafanani. Mzee wa kanisa anaona mabati ya darasa la shule ya Jumapili. Mwenyekiti wa vijana anaona marafiki, na pengine mlango wa masomo ng'ambo. Akina mama wanahesabu vitanda, blanketi na mayai ya asubuhi. Mgeni mwenyewe ameambiwa kwao kwamba anakwenda kutumika. Kila mmoja ana picha yake na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Wiki mbili zinakwisha, watu wanapigwa picha ya pamoja, na maswali yanabaki.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu imo katika neno lenyewe. Siku hizi "misheni" inabeba mambo matatu. Kuna mtu anayehama kwao, akajifunza lugha na kukaa miaka kumi au maisha yote. Kuna kijana anayetumwa kwa mwaka mmoja au miwili chini ya utaratibu unaojulikana. Na kuna safari ya siku kumi hadi wiki tatu, ambayo hufanyika zaidi kati ya Juni na Agosti, shule za Ulaya na Marekani zikiwa zimefungwa. Mwanasosholojia Robert Wuthnow wa Chuo Kikuu cha Princeton alikadiria kwamba Wamarekani zaidi ya milioni 1.6 hufunga safari za namna hii ya tatu nje ya nchi yao kila mwaka. Watu wawili wakibishana kuhusu "wamishonari vijana", mara nyingi kila mmoja ana mtu wake akilini.

Tangu mwanzo walikuwa vijana

Hoja moja inafaa kuondolewa mapema: kwamba tatizo ni umri. Wamishonari wanne wa kwanza wa Consolata, mapadre wawili na mabruda wawili, waliondoka Turin Mei 1902 na kufika Tuthu, Murang'a, mwishoni mwa Juni, wakapokelewa na Karuri wa Gakure. Filippo Perlo, aliyekuja baadaye kuwa askofu, alikuwa na miaka 29. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, alitua Mombasa mwaka 1895 akiwa na miaka 28, na Desemba ya mwaka uliofuata akazikwa Ukambani.

Anayekumbukwa zaidi Nyeri ni Sista Irene Stefani. Aliondoka Italia mwishoni mwa 1914 akiwa na miaka 23. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwauguza wapagazi wa Kiafrika katika hospitali za kijeshi za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, kisha akatumika Gikondi kwa miaka kumi. Watu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma. Alifariki Oktoba 31, 1930, kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimuuguza. Mei 23, 2015 alitangazwa mwenye heri mjini Nyeri mbele ya umati mkubwa.

Irene, basi, alikuwa na umri ule ule wa vijana wa fulana. Kilichomtofautisha ni miaka kumi na sita, Kikuyu alichojifunza, na kutokuwa na tikiti ya kurudi mfukoni.

Wala kazi ya siku zile haikuwa ya wageni peke yao. Bila ulinzi wa Karuri wamishonari wasingepata mahali pa kulala. Kuanzia 1918 Nyeri ilikuwa na shirika lake la masista Waafrika, Masista wa Maria Immakulata. Agano Jipya la Kikuyu lililotoka mwaka 1926 lilihitaji wasemaji wa Kikuyu wa kupima kila neno. Makatekista walitembea kilima hadi kilima wakifundisha. Vitabu vingi vya zamani vimeandika jina la mgeni na kumtaja mwenyeji kwa cheo tu, "msaidizi". Desturi hiyo ya uandishi imetuachia dhana kwamba mwenyeji hupokea na mgeni hutoa, na dhana hiyo ingali kazini kila Julai.

Waumini walipojibu

Wenyeji hawakunyamaza. Mashamba ya walowezi yalipopanuka, na baadhi ya misheni nazo zikimiliki ardhi kubwa, Wakikuyu walikuwa na msemo: "Gutiri muthungu na mubea", yaani hakuna tofauti kati ya mzungu na padre. Haukuwatendea haki mapadre wote, lakini ulieleza jinsi mambo yalivyoonekana kutoka upande wa aliyenyang'anywa.

Mwaka 1929 mzozo ukalipuka juu ya tohara ya wasichana. Misheni za Kiprotestanti ziliwadai waumini kiapo cha kuikana, kikajulikana kama kirore kwa sababu ya alama ya kidole gumba. Maelfu walitoka. Wakajenga shule zao, na kutokana na vuguvugu hilo yakazaliwa makanisa ya kujitegemea, likiwemo AIPCA, ambayo mpaka leo yana waumini wengi Nyeri na Murang'a. Mwaka 1935 walimleta Askofu Mkuu Daniel Alexander kutoka Afrika Kusini awafundishie makasisi wao.

Juu ya madhara ya ukeketaji wenyewe, madaktari wa misheni walikuwa sahihi, na sheria ya Kenya imeupiga marufuku kabisa tangu 2011. Walipokosea ni katika njia. Walidhani wanaweza kuamuru jambo lililo kiini cha maisha ya watu bila kuwapa waumini nafasi ya kuliamua ndani ya kanisa lao. Ukweli uliofikishwa kwa amri kutoka nje ulipoteza nusu ya wasikilizaji wake, na wasichana walilipa gharama ya kosa hilo kwa vizazi.

Jibu la namna nyingine lilitoka upande wa magharibi. Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari kijana Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akitumika Gahini nchini Rwanda, na Mganda Simeoni Nsibambi walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Urafiki huo ni moja ya chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki, uliofika Kenya mwaka 1937 na kuwaletea Wakikuyu jina la "ahonoki", waliookoka. Ndani ya Uamsho mzungu alisimama mbele ya Waafrika akatubu kiburi chake kwa kukitaja. Hilo halikuwa limezoeleka katika himaya ya Kiingereza. Anayetaka kujua maana ya kutumika bega kwa bega na waumini wa mahali asianzie kwenye vijitabu vya safari za misheni. Aanzie hapo.

Kisha ukaja mwaka 1971. Mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, alisimama mbele ya mkutano wa misheni huko Milwaukee, Marekani, akapendekeza wamishonari na fedha zao wasimamishwe kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yao. Mkutano wa Baraza la Makanisa ya Afrika Yote huko Lusaka mwaka 1974 uliunga mkono wito huo. Wengi walimshutumu, hata nyumbani. Lakini neno "Jitegemea", ambalo PCEA ililifanya kuwa wito wake, lilijenga makanisa mengi kwa harambee za waumini wenyewe, na hilo lina uzito wake katika mjadala wa leo.

Wanaowakaribisha wanasema nini

Hoja ya kwanza ni ya imani. Kanisa ni mwili mmoja, na kiungo hakijifungii. Muumini wa Mweiga anayeimba na Mkorea au Mmarekani anaonja kitu ambacho hakuna mahubiri yanayoweza kukieleza. Hoja hii ni nzito, na wapinzani wengi huikwepa kwa sababu haipimiki kwa shilingi.

Ya pili ni malezi. Kijana aliyewahi kula githeri nyumbani kwa mjane, akasali naye na kumsikia akimshukuru Mungu, anaweza kubadilika kwa maisha yote. Ya tatu ni fedha: watu huchangia wanaowajua, na darasa au tangi la maji lingekosa mfadhili bila uso wa mtu aliyefika. Katika Kieni, eneo lililo upande wa mlima usiopata mvua ya kutosha, tangi la maji si jambo la kudharau.

Udhaifu umo katika hoja ya pili na ya tatu. Mtafiti Kurt Ver Beek alifuatilia vikundi vya Amerika Kaskazini vilivyokwenda Honduras kujenga nyumba baada ya kimbunga Mitch cha 1998. Vikundi hivyo vilitumia kwa wastani dola 30,000, nauli ikiwemo, kwa nyumba ambayo mashirika ya Kikristo ya nchini humo yaliijenga kwa takriban dola 2,000. Waliopewa nyumba hawakuonyesha tofauti ya maana kati ya zilizojengwa na wageni na zilizojengwa na wenyeji, na mabadiliko ya kudumu kwa waliosafiri yalikuwa madogo kuliko walivyosimulia waliporudi. Hesabu za Mweiga haziwezi kuwa mbali sana na hizo: nauli ya ndege ya kijana mmoja kutoka Marekani ingemlipa fundi na vibarua wake kwa wiki kadhaa, na fundi huyo angejenga ukuta ulionyooka.

Wanaopinga wanasema nini

Mwaka 1968 padre Ivan Illich aliwaambia wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wakijiandaa kwenda Mexico kwamba waende kutazama na kujifunza, lakini wasiende kusaidia. Ukali wake unaumiza. Yaliyotokea Afrika Mashariki tangu hapo yameupa ushahidi.

Huko Jinja, Uganda, msichana Mmarekani aliyekuwa na umri wa karibu miaka 20 alianzisha mwaka 2009 shirika la kulisha watoto wenye utapiamlo, Serving His Children, bila elimu ya udaktari. Kati ya 2010 na 2015 watoto 105 kati ya 940 waliopokelewa walifariki. Kesi ilifunguliwa mahakamani mwaka 2019. Yeye alikana kufanya kazi ya daktari, na mwaka 2020 pande zote zikamalizana kwa fidia bila kukiri kosa. Kenya nako, kijana wa Oklahoma wa miaka 19 aliyejitolea katika makao ya watoto Juja, mwendo wa saa chache tu kutoka Nyeri, alitiwa hatiani nchini kwao mwaka 2015 kwa kuwanajisi watoto, akahukumiwa miaka 40. Vijana wengi wanaokuja hawana lolote la kufanana na hao. Lakini mlango waliopitia ulikuwa wazi kwa wote, kwa sababu waliaminiwa kwa kuwa wageni na Wakristo, na hakuna aliyekagua.

Kwa sababu kama hizi serikali ya Kenya imeanza kufunga mlango wa makao ya watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 vinataka watoto warudi kwenye familia. Kundi linalokuja kucheza na mayatima kwa siku nane linakwenda kinyume na mwelekeo huo. Mtoto anayezoea mikono mipya kila mwezi, kisha ikamwacha, anajeruhiwa hata kama hakuna aliyemtendea ubaya.

Kuna pia sheria ya uhamiaji, ambayo makanisa mengi huipuuza. Ruhusa ya kuingia kama mtalii haimpi mtu idhini ya kufanya kazi, hata ya kujitolea. Anayekuja kutumika anahitaji kibali cha daraja la I, la shughuli za dini na hisani, au pasi maalumu kwa muda mfupi.

Hoja nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ukimya wa mwenyeji. Utamaduni wetu haumruhusu mtu kumwambia mgeni kwamba hafai. Juu ya adabu hiyo huongezwa hofu: karo ya watoto wanne inatoka kwa kanisa lile la ng'ambo, sasa nani atasema ukuta waliojenga umepinda, au kwamba mahubiri yao yaliwaudhi wazee? Mchungaji anatabasamu na barua ya shukrani inaandikwa. Ng'ambo wanaisoma na kuamini kila kitu kilikwenda vizuri, na mwakani wanarudi wengi zaidi. Wanaodhani tatizo ni majivuno ya wageni wanaona nusu tu, maana mgeni hawezi kusahihishwa na mtu ambaye hawezi kumudu kumpoteza.

Hata hivyo upande huu nao una udhaifu wake. Ukifuata hoja ya Illich hadi mwisho, hakuna kijana angetoka kwao, na Sista Irene angebaki Italia. Wito wa Gatu ulikuwa dawa ya muda kwa ugonjwa fulani. Yeye mwenyewe hakuhubiri kanisa lisilo na wageni milele.

Mifano iliyo katikati

Kuna waliotafuta njia nyingine. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililotambuliwa kisheria Kenya mwaka 1991, huwatuma vijana kwa miezi 18 au 24. Mwaka 2012 lilishusha umri hadi miaka 18 kwa wavulana na 19 kwa wasichana. Kijana hachagui nchi, huenda wawili wawili, na mara nyingi Mmarekani na Mwafrika hupangwa nyumba moja. Mafundisho yao yanapingwa na makanisa mengi ya Nyeri, na hilo si la kuamua hapa, lakini utaratibu wao unajibu maswali ambayo vikundi vya wiki mbili havijibu: nani anamsimamia kijana, na kwa muda gani. Udhaifu wake ni kwamba amri hutoka mbali, na kanisa la mahali lina sauti ndogo juu ya nani aje.

Njia nyingine ni ya Kijerumani. Mpango wa serikali uitwao weltwärts ulianza 2008 kuwapeleka vijana nje, na tangu mwishoni mwa 2013 unapokea pia vijana wa nchi za Kusini kwenda kutumika Ujerumani. Ushirika wa UEM wenye makao yake Wuppertal ulikuwa shirika la misheni la Kijerumani hadi 1996, ulipogeuka kuwa jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yenye haki sawa. Ndani yake zimo dayosisi za Kilutheri za Tanzania. Hapo Mtanzania hukaa katika baraza linaloamua, na kijana kutoka Bukoba anaweza kutumwa Ujerumani kama Mjerumani anavyotumwa Bukoba. Gharama ni kubwa na nafasi ni chache, lakini kwa mwelekeo ni mpango ulio wa haki kuliko yote niliyoitaja.

Na Consolata wenyewe: Juni 2023 walimchagua Padre James Lengarin, Mkenya wa kutoka Samburu, kuwa mkuu wa shirika lote duniani, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo. Shirika lililopokelewa Tuthu sasa linaongozwa na mtoto wa nchi iliyolipokea.

Tukiyapima

Wakikuyu husema "mugeni ni ruui", mgeni ni mto: anapita. Wasafiri wa wiki mbili wanapita, na hakuna ubaya katika kupita ikiwa pande zote zinajua. Ubaya unakuja mto unapopewa kazi ya kisima.

Kwa hiyo safari fupi iitwe ziara, na wanaokuja waitwe wageni na wanafunzi. Wakae nyumbani kwa waumini, walime nao, waende nao mazishini na kwenye jumuiya, waulize. Wasipewe mimbari ya kila Jumapili, wala watoto, wala wagonjwa, wala kazi ambayo fundi wa Mweiga anaikosa. Wakitaka kuchangia, mchango uingie katika hesabu za kanisa na kuamuliwa na kamati ya kanisa, wageni wakiwa wameshaondoka.

Kijana anayetaka kuitwa mmishonari akae angalau mwaka mmoja. Miezi mitatu ya mwanzo iwe ya Kikuyu na Kiswahili. Awe chini ya mchungaji au paroko, mwenye uwezo wa kumrudisha kwao. Apewe mwenzake, kijana wa kanisa hilo hilo, mwenye cheo na posho sawa na yake, maana vijana wetu tayari wanafanya kazi hii: vyama vya Kikristo vya vyuo vikuu, chini ya muungano wao wa FOCUS tangu 1973, huenda misheni kila mwaka katika kaunti ambazo wengine hawafiki. Na kila makubaliano yawe na njia ya kurudi, kijana wa Nyeri naye aende. Kanisa la ng'ambo lisiloweza hata kumwandikia kijana wetu barua ya mwaliko wa viza halijawa mshirika bado.

Masharti haya yana gharama, na si haki kuificha. Wageni watapungua na fedha zitapungua. Kanisa moja likiyaweka peke yake, wageni watahamia kanisa la kilima cha pili lisilo na masharti, na lililokuwa na msimamo litaonekana limekosa karo bure. Kwa sababu hiyo kanisa mahalia haliwezi kubeba uamuzi huu peke yake. Ni lazima ufanywe ngazi ya presbiteri na dayosisi, kwa makanisa yote ya Kieni na Nyeri kwa pamoja, na madhehebu yazungumze hata kama hayashiriki meza moja.

Msimu ujao unaanza Juni. Wazee na mapadre wa Mweiga na miji jirani waketi kabla ya barua ya kwanza ya ng'ambo kufika, waandike ukurasa mmoja unaosema nani anaweza kuja, kwa muda gani, kufanya nini na chini ya nani, na cheti gani cha polisi kinatakiwa kabla hajakaribia mtoto. Usomwe makanisani Jumapili, kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, waumini waulize maswali yao papo hapo, kisha utumwe ng'ambo.